Tazama Mizizi Kwanza: Kununua, Kuhamisha na Kupogoa Mizizi ya Miche ya Waridi la Jangwani

Mlaji anaponunua mche wa mapambo, hulipia kile anachokiona: majani yaliyonawiri, shina nene na pengine ua moja au mawili. Lakini uhai wa mche huo umo katika sehemu asiyoiona, yaani mizizi iliyofichwa ndani ya kiriba au chungu. Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ndivyo ilivyo kwa mche: uzuri wake wa nje haumwambii mnunuzi kama utadumu mwaka mmoja au utaoza baada ya wiki tatu.

Sehemu hii ya kijitabu inamweleza mlaji jinsi ya kuchagua, kuhamisha na kupogoa mizizi ya miche ya mimea inayohifadhi maji mwilini. Mfano tuliouchagua ni waridi la jangwani, ambalo wataalamu wa mimea huliita Adenium obesum. Mmea huu hauna undugu na waridi la kawaida. Asili yake ni nchi kavu za Afrika, Afrika Mashariki ikiwamo, pamoja na kusini mwa Bara Arabu. Siku hizi huuzwa kwa wingi katika vitalu vya mijini, na watu wengi wanaoununua huupoteza kwa sababu ambazo zingeweza kuepukwa.

Mmea wenye ghala la maji

Waridi la jangwani lina shina lililovimba karibu na udongo, mfano wa mtungi. Uvimbe huo si ugonjwa, ni ghala. Mvua inaponyesha, mmea hujaza maji humo, na kiangazi kinapofika huyatumia kidogo kidogo. Kwa sababu hiyo unaweza kukaa wiki kadhaa bila kumwagiliwa, na hata ukang'olewa na kuachwa kivulini bila udongo kwa siku nyingi, haufi.

Sifa hiyo hiyo ndiyo chanzo cha udhaifu wake. Nyama ya shina na mizizi yake ni laini na imejaa maji. Ikipata jeraha kisha ikakaa katika unyevu, vimelea vya kuozesha huingia upesi na kupanda hadi shinani. Hapo ndipo mlaji anapokosea. Mche wa mchicha au wa nyanya ukishahamishwa humwagiliwa papo hapo, na ni sahihi kufanya hivyo. Mche wa waridi la jangwani ukifanyiwa vivyo hivyo, hasa baada ya mizizi kukatwa, huwa umewekwa katika hatari kubwa. Kanuni ya kukumbuka kuliko zote ni hii: jeraha likauke kwanza, ndipo maji yafuate.

Kabla hujalipa

Mnunuzi ana sababu ya kumuuliza muuzaji maswali yafuatayo, na muuzaji mwaminifu hatachukizwa nayo.

Swali la kwanza: je, mche huu umetokana na mbegu, na kipande cha tawi, au umebebeshwa? Mche wa mbegu huanza kunenepa chini ya shina tangu ukiwa mchanga. Mche uliotokana na kipande cha tawi kwa kawaida huchelewa kupata umbo hilo, na pengine usilipate vizuri kamwe. Mche uliobebeshwa, kwa njia inayofanana na ile itumiwayo kwa miembe na mikorosho, huwa na tawi la aina moja juu ya shina la aina nyingine. Kagua mahali pa maungio: pawe pamefunga imara, pasiwe na ufa wala sehemu nyeusi.

Swali la pili: rangi ya maua imethibitishwaje? Mbegu za waridi la jangwani hazihakikishi kwamba mtoto atafanana na mzazi. Mche wa mbegu ambao haujatoa ua bado unaweza kutoa rangi tofauti kabisa na ile iliyo katika picha ya muuzaji. Anayetaka rangi mahususi anunue mche uliokwisha kuchanua mbele ya macho yake, au uliobebeshwa kutoka mti unaojulikana. Asilipe bei ya juu kwa ahadi tupu.

Swali la tatu: je, naweza kuona mizizi? Mwombe muuzaji aulaze mche na kuuchomoa taratibu kutoka katika chungu, au afungue kiriba upande mmoja. Mizizi yenye afya ni migumu, na ukiikwaruza kidogo kwa ukucha, ndani yake ni nyeupe au ya rangi ya maziwa. Mizizi iliyooza ni ya kahawia iliyokolea au nyeusi, hulainika kati ya vidole, na ganda lake hutoka kwa urahisi.

Muuzaji akikataa kabisa kuonyesha mizizi, libonyeze shina kwa kidole kuanzia chini hadi juu. Shina gumu ni dalili njema. Shina lililonywea kidogo pande zote, huku ngozi ikiwa imekunjamana, huenda lina kiu tu, na litajaa tena likipata maji. Lakini shina lenye sehemu moja laini, iliyobadilika rangi au yenye harufu mbaya, limeanza kuoza. Liache hapo lilipo, hata kama bei imepunguzwa.

Dalili za mche uliobanwa

Mche unaokaa muda mrefu katika chombo kidogo huishiwa na nafasi. Mizizi hufika ukingoni, hukosa pa kwenda, na kuanza kuzunguka. Mizizi inayozunguka huendelea kunenepa, na baada ya muda hubanana yenyewe kwa yenyewe. Dalili zake ni hizi:

• Mizizi inatokeza katika matundu ya chini.
• Kiriba kimepasuka, au chungu cha plastiki kimetutumka upande mmoja.
• Maji hupita pembeni na kutoka chini mara moja, huku udongo wa katikati ukibaki mkavu.
• Mche umesimama kukua ingawa ni msimu wa joto na unapata jua la kutosha.

Kwa mche wa mbegu, uhamisho wa kwanza kwa kawaida hufaa unapokuwa na umri wa miezi 4 hadi 6. Baada ya hapo, mche mchanga unaweza kuhamishwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili, kulingana na kasi ya kukua kwake.

Wakati unaofaa

Waridi la jangwani huponya majeraha yake wakati wa joto, linapokuwa likikua. Wakati wa baridi hulala, na mara nyingi hupukutisha majani yote. Kukata mizizi ya mche uliolala ni kuuacha na jeraha lisilopona.

Katika maeneo mengi ya Tanzania, miezi ya Juni hadi Agosti ni ya ubaridi, hasa nyanda za juu kama Iringa, Njombe na Arusha. Msimu wa masika nao hauna baridi kali, lakini hewa imejaa unyevu na mawingu hudumu. Kwa hiyo Septemba na Oktoba, joto linapoanza kupanda, ni wakati mzuri kwa wengi. Januari na Februari pia hufaa mahali ambapo mvua imekatika. Anayelazimika kufanya kazi hii katika msimu wa mvua auweke mche barazani au chini ya paa lenye mwanga, mahali ambapo mvua haifiki.

Chungu na udongo

Chungu kipya kisiwe kikubwa kupita kiasi. Nafasi ya sentimita 2 hadi 3 kuzunguka mizizi inatosha. Chungu kikubwa mno hubeba udongo mwingi usio na mizizi ya kunywa maji yake, nao hubaki umelowa kwa siku nyingi. Chungu kipana kisicho na kina kirefu hufaa kuliko kirefu chembamba. Cha udongo wa kufinyanga hukauka haraka, kwa hiyo humsaidia mtu mwenye mazoea ya kumwagilia mara kwa mara; cha plastiki ni chepesi na bei yake ni nafuu, lakini hutaka uangalifu zaidi wa maji. Vyote lazima viwe na matundu chini. Chungu kizuri kisicho na tundu ni pambo la mezani, si makao ya mmea huu.

Wengi hutandika kokoto chini ya chungu wakiamini kwamba zitaharakisha maji kutoka. Sivyo. Maji hushikiliwa na udongo laini ulio juu ya kokoto, na hayashuki mpaka udongo huo uloe kabisa. Tabaka la kokoto hupunguza tu nafasi ya mizizi. Inatosha kufunika tundu kwa kipande cha wavu au kigae ili udongo usimwagike.

Kinachotakiwa ni mchanganyiko wote upitishe maji. Changanya sehemu mbili za changarawe ndogo au mchanga mkubwa wa mtoni uliooshwa, sehemu moja ya mboji iliyooza vizuri, na sehemu moja ya vipande vidogo vya mkaa au matofali yaliyopondwa. Mahali inapopatikana changarawe nyepesi ya volkano, hiyo ni bora zaidi. Usitumie mchanga wa ufukweni, kwa kuwa una chumvi, wala udongo wa mfinyanzi, wala samadi mbichi. Jaribu mchanganyiko wako kabla ya kupanda: ujaze chunguni na umwagie maji. Maji yakituama juu, ongeza changarawe.

Hatua za kazi

Andaa glavu, kisu kikali au makasi ya bustani, spiriti na kitambaa safi, magazeti ya zamani, chungu na mchanganyiko wa udongo. Soma pia maelezo kuhusu utomvu yaliyo mbele kidogo katika sehemu hii kabla ya kuanza kukata.

1. Acha kumwagilia kwa siku 4 hadi 7 kabla ya kazi. Udongo mkavu huachia mizizi kwa urahisi, na mizizi iliyopungukiwa maji kidogo haivunjiki ovyo.

2. Kata kiriba kwa wembe kutoka juu hadi chini. Ikiwa ni chungu, kigongegonge pembeni, kilaze, kisha usukume udongo kupitia matundu ya chini. Usivute mche kwa shina.

3. Pukuta udongo wa zamani kwa vidole au kijiti. Ifumbue mizizi inayozunguka, mmoja baada ya mwingine, bila kuilazimisha.

4. Futa kisu kwa spiriti. Anza na mizizi iliyooza: kata hadi ufike mahali ambapo nyama yote ni safi na nyeupe, hata kama itakubidi ukate zaidi ya ulivyotarajia. Doa dogo la kahawia likiachwa, uozo utaendelea. Futa kisu tena kila baada ya kukata sehemu iliyooza.

5. Kata mizizi mikavu iliyokufa, ile inayojisokota kuzunguka shina, na ile iliyo mirefu mno kuenea chunguni. Kwa mche wenye afya, usiondoe zaidi ya theluthi moja ya mizizi yote kwa mara moja.

6. Ukitaka shina lipanuke chini, unaweza kufupisha mzizi mkuu. Mche wa mbegu huwa na mzizi mkuu mmoja mnene mfano wa karoti. Ukikatwa ncha, kwa kiasi cha theluthi ya urefu wake, mizizi ya pembeni huchipuka na kutanuka, na baada ya miaka kadhaa hulipa shina lile umbo pana linalosifiwa. Ieleweke kwamba hatua hii ni ya kupendezesha tu. Mche ambao mizizi yake ni mizima na inaenea katika chungu kipya hauhitaji kukatwa ili uishi, na mlaji asikubali kulipia kazi hiyo kana kwamba ni ya lazima.

7. Futa utomvu kwa kitambaa kikavu. Majeraha makubwa yanaweza kupakwa unga wa salfa, uleule ambao wakulima wa korosho huutumia dhidi ya ubwiriubwiri. Fuata maelekezo yaliyo kwenye kifungashio, na usiuvute kwa pua wala usiuache uingie machoni.

8. Weka mche juu ya gazeti, kivulini, mahali penye hewa inayopita. Majeraha membamba kuliko penseli yaachwe siku 3 hadi 5. Majeraha manene yaachwe wiki 1 hadi 2. Ishara ya kwamba yamekauka ni uso mgumu usioacha unyevu kwenye karatasi.

9. Panda katika mchanganyiko mkavu, kwa kina kilekile cha zamani au ukiwa umeuinua mche kwa sentimita 1 ili sehemu ya juu ya mizizi minene ionekane. Usifukie shina zaidi ya lilivyokuwa. Mche ukiyumba, uegemeze kwa mawe au uufunge chunguni kwa kamba laini mpaka ushike.

Siku za kungoja

Baada ya kupanda, usimwagilie kwa muda wa wiki moja. Hiki ndicho kipindi kigumu kwa mlaji, kwa sababu majani huweza kuwa ya manjano na kuanguka, na moyo humtuma achukue kopo la maji. Ajizuie. Mche haulilii maji. Unapunguza majani ili ulingane na mizizi michache iliyobaki, na ghala lake la shinani bado linaulisha.

Wiki hiyo ikipita, mwagilia kidogo. Majani mapya yakianza kuchomoza, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha ngoja udongo ukauke kabla ya kurudia. Usiache sahani yenye maji chini ya chungu. Kwa wiki mbili za kwanza mche ukae penye mwanga bila jua kali. Baadaye usogezwe juani hatua kwa hatua, kwani mizizi iliyozoea giza na sasa imefunuliwa inaweza kuungua. Mbolea isubiri mwezi mmoja, mpaka mche uoneshe kwamba unakua.

Shina likilainika sehemu moja katika kipindi hiki, usingoje. Ng'oa mche, kata uozo wote mpaka penye nyama safi, na uanze upya kuukausha. Miche mingi huokolewa kwa kuchukua hatua siku ileile.

Utomvu wenye sumu

Mmea huu mzuri una sumu. Utomvu wake una kemikali zinazoathiri mapigo ya moyo, na jamii mbalimbali za Afrika, wakiwamo Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, wameutumia kutengeneza sumu ya mishale. Kwa hiyo:

• Vaa glavu wakati wa kukata, na usijiguse macho wala mdomo.
• Usifanye kazi hii juu ya meza ya chakula, wala usitumie kisu cha jikoni kisha ukakirudisha jikoni.
• Kusanya vipande vyote, vifungie katika gazeti na kuvitupa mahali ambapo watoto, mbuzi na kuku hawafiki. Usivichome moto.
• Osha mikono na vifaa kwa sabuni.
• Utomvu ukiingia jichoni, suuza kwa maji safi mengi kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya.
• Mtoto au mtu mzima akila sehemu yoyote ya mmea, mpeleke kituo cha afya mara moja, ukichukua kipande cha mmea au picha yake. Usimlazimishe kutapika, wala usimpe maziwa ukidhani kwamba yataondoa sumu.

Muuzaji anayejua habari hizi ana wajibu wa kumweleza mnunuzi, hasa mwenye watoto wadogo nyumbani.

Mimea mingine ya jamii hiyo ya tabia

Kanuni ya kukausha jeraha kabla ya kumwagilia inafaa pia kwa mishubiri, kakti na mimea mingine inayohifadhi maji. Hata hivyo, si yote inayotaka kupogolewa mizizi. Mshubiri una mizizi mingi ya kamba isiyo na mzizi mkuu mnene. Ondoa iliyokufa tu, uache mizima. Kakti ndogo nazo zihamishwe bila kukatwa, isipokuwa penye uozo. Kufupisha mzizi mkuu ili kubadili umbo la shina ni desturi ya mimea yenye kitako kilichovimba kama waridi la jangwani.

Mche ukiharibika mapema

Unaponunua, omba risiti au walau maandishi mafupi yanayotaja aina ya mche, namna ulivyozalishwa na rangi ya maua iliyoahidiwa. Piga picha ya mche na mizizi yake siku hiyohiyo. Ukifika nyumbani na kugundua uozo au maungio bandia, mrudie muuzaji mapema, ukiwa na risiti na picha, kabla hujakata wala kuhamisha kitu. Ukikata kwanza, itakuwa vigumu kuthibitisha kwamba kasoro ilikuwapo tangu awali. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayomuuzia, na mche ni bidhaa kama nyingine.

Hata hivyo, ulinzi wa kwanza wa mlaji ni jicho lake mwenyewe. Mnunuzi anayetazama mizizi kabla ya kulipa, akakata kwa kisu safi, akaacha jeraha likauke na akazuia mkono wake usikimbilie maji, atakuwa na mche utakaoishi naye miaka mingi. Na siku utakapochanua, atajua kwamba ua hilo lilianzia chini, mahali ambapo wapita njia hawapatazami.